Chaza Waliofunga Midomo

Mwanatatu hakuwahi kutia mguu horini, kwenye mkono wa bahari ulioingia mikokoni, kabla ya kuyaonja maji. Alichovya kidole, akakinyonya, akatema pembeni, ndipo akakunja leso na kuteremka. Hata kiangazi, ambapo hapakuwa na jipya la kujua, alionja. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, kwani wewe waingia nyumba ya mtu bila hodi?"

Alikuwa mjane, mkazi wa mtaa wa Shika Adabu, nami nilipanga chumba kwake nikifundisha sayansi shule ya jirani. Kwa miaka thelathini alibandua chaza kwenye mizizi ya mikoko kwa kisu kifupi. Wanawake wengine kumi na wawili walimfuata, na yeye ndiye aliyeamua upande gani uvunwe na upi upumzishwe.

Oktoba 1997 mvua za Elnino zilianza na hazikukata. Hori likageuka rangi ya chai ya maziwa. Mwanatatu alionja, akakunja uso.

"Haya ni maji ya kunywa."

Lakini alipowatazama chaza aliwakuta wamefunga kabisa, na wachumaji wale walikuwa na kanuni moja: aliyefunga ni mzima, aliyeachama ni mzoga. Akawaambia wenzake warudi nyumbani watulie.

Siku ya kumi na mbili tulipata harufu kabla hatujafika. Karibu nusu ya chaza walikuwa wameachama, nyama imelegea kama uji.

"Si ulisema wazima?" Mwanasaumu, mmoja wa wale kumi na wawili, alimkejeli. "Au wamelala, wanakoroma?"

Mwanatatu alinigeukia mimi. "Wewe umesomea. Hao waliofunga bado, wako vipi huko ndani?"

Nilimweleza kwamba chaza hawezi kukimbia. Maji yakipungua chumvi humwingia mwilini yakamvimbisha, kwa hiyo hujifungia na chumvi yake kidogo. Ila akifunga, hali wala hapumui vizuri. Moyo wake hupiga polepole, anakula akiba yake, na asidi inayojikusanya ndani huanza kulila gamba lake mwenyewe. Akichoka hufungua, na maji matamu, yasiyo na chumvi, humuua.

"Kumbe wamejibana pumzi siku zote hizi," alisema, "nami nawasifu kuwa wazima."

Mambo hayo niliyajua tangu chuoni. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu anayahitaji, nyumba moja nami.

Asubuhi yake aliazima mtumbwi wa shemeji yake, Lewa. Katikati ya mkondo alishusha chupa iliyofungwa jiwe na kuzibwa kwa gunzi la hindi, akalivuta gunzi kwa uzi ilipogusa chini. Akaipandisha, akaonja, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Chumvi iko chini!"

Maji ya chumvi ni mazito, na yale ya mvua yalikuwa yameelea juu yake. Akaamua kuwabandua chaza waliobaki na kuwashusha huko chini, ndani ya matenga yenye mawe.

"Shemeji, utawazamisha viumbe wa Mungu," Lewa alimtania.

"Huku juu ndiko wanakozama. Piga kasia."

Tulifanya kazi siku nne mvua ikitupiga. Siku ya pili Mwanasaumu alitokea na tenga lake kichwani, akaingia majini. Mwanatatu akampisha nafasi kando yake.

Tulishusha matenga tisa. Tulipoyapandisha mwezi wa Machi, manne yalikuwa na chaza walio hai, wembamba, magamba yao yamepauka. Wengine walitaka wauzwe palepale, maana chaza walikuwa adimu na watu wana njaa. Mwanatatu alikataa. Aliwarudisha kwenye mizizi mmoja mmoja, akawatangazia wote kuwa hao ni mbegu. Yeye mwenyewe mwaka ule aliishi kwa kusuka makuti.

Nilihamishiwa shule ya Kisauni. Mwaka uliofuata nilisikia anaumwa kifua, nikavuka kwa feri kwenda kumwona. Alikuwa kitandani, sauti imebaki ya kunong'ona. Nilimwambia nimepita horini kwanza, na mizizi imejaa chaza wachanga.

"Wakubwa kiasi gani?"

"Kama ukucha wa kidole gumba. Mwanasaumu asema watu wameanza kuwatamani."

Alijiinua kwa kiwiko.

"Mwambie waachwe mwaka mwingine. Na anayetaka kuwabandua, aje kwanza anibandue mimi hapa kitandani."