Heri ya Sikukuu Yenu

Mama Pasi alijiambia tangu alfajiri kwamba leo hakasiriki, sikukuu ni sikukuu hata ukiwa zamuni. Kabla hajafunga aproni alikuwa ameshakasirika.

Chumba cha kufulia cha hospitali hakijui sikukuu. Mashuka ya wodini yalikuwa yamerundikwa mezani, mashine zikinguruma, mvuke umejaa hadi darini. Mwenzake wa kukunja, mtu mzima ambaye idara nzima humwita Bi Mikunjo, alikuwa ameshashika ncha mbili za shuka la kwanza.

"Limekauka," alisema Bi Mikunjo. "Shika."

Basi. Ndiyo salamu hiyo.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha huku, yule kule, mnalivuta likanyooka, kisha mnaendeana mpaka mikono inagusana, mmoja anamwachia mwenzake ncha na kuinama kuokota mkunjo. Hata ukinuna namna gani, uso wa mwenzako unakujia tu. Miaka yote wamefanya kazi hivyo, huyu anasali kwake na yule kwake, na sikukuu ya yeyote ikifika, mikono ikigusana kwenye shuka la kwanza, asiye na sikukuu humwambia mwenye nayo, "Heri ya sikukuu yetu." Yetu, iwe ya nani. Wasichana wa mashine huwacheka: nyie mna dini ngapi?

Shuka la kwanza likaisha, kimya. La pili, kimya. Mama Pasi akaanza kuyavuta kwa hasira.

"Utalipasua."

"Lipasuke!"

Alichoka kukisia. Hawakugombana, lakini kwa miezi sasa Bi Mikunjo amekuwa mtu wa ndiyo na hapana, chai anakwenda kuinywa peke yake nje. Ukimuuliza ana nini, hana kitu. Afadhali angemtukana, tusi linajibika. Wasichana wote walikuwa wameshampa heri zao, hata msimamizi, ambaye jina la mtu halimkai kichwani. Zote zilimpita tu. Alitaka moja, na aliona aibu, mama mzima, kulilia salamu.

Mikono ilipogusana tena, hakuachia ncha.

"Dada, leo sikukuu."

"Najua."

"Na hunisalimii?"

Bi Mikunjo akamtazama. "Heri ya sikukuu yenu."

Neno lile la mwisho lilimchoma. "Yenu? Yenu mimi na nani?"

"Nitajuaje? Wewe ndiye uliyegawa. Sikukuu yangu ilipofika ulisimama hapo hapo ukaniambia heri ya sikukuu yenu. Nikasema nimesikia vibaya, mashine zina kelele. Ukarudia!"

Hapo Mama Pasi akakumbuka. Mwanawe mkubwa, bingwa wa kumsahihisha, alimsikia akisimulia salamu zao akamkanya: Mama, utasemaje yetu na siyo yako? Unadandia sikukuu za watu, watakuona huna adabu. Naye Mama Pasi aliogopa kumkosea Bi Mikunjo. Siku ile alilitamka "yenu" kwa uangalifu, akalirudia ili lisikike vizuri.

Hasira zote alizokuwa nazo zikamgeukia mwenyewe.

"Nilidhani ndiyo heshima."

"Heshima!" Bi Mikunjo akafyonza. "Mama yako tumemzika pamoja, nikalia kuliko wewe. Leo uniheshimu kama mgeni?"

"Basi nisalimie upya."

"Anza wewe. Wewe ndiye uliyeharibu."

"Yako ilishapita, dada, miezi!"

"Mimi haijanipita."

Wasichana walikuwa wamezima mashine moja wasikilize vizuri. Mama Pasi aliona haya, na kinyongo bado alikuwa nacho, kwa mwanawe, na kwa dada huyu aliyekaa kimya muda wote badala ya kumfokea siku ile ile.

"Heri ya sikukuu yetu," alisema, kwa sikukuu ambayo watu wengine walikuwa wameshaisahau.

Bi Mikunjo alimwachia ncha zake, akainama kuokota mkunjo, akakaa huko chini muda mrefu kuliko mkunjo unavyohitaji. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Na ya leo pia ni yetu," alisema. "Sasa vuta polepole. Hili shuka ndilo la watu, si letu."