Kanga ya mipasho kwenye kiti cha fundi

Leo nusura mjukuu wangu Neema anikane mbele ya watu.

Anayeandika hapa ni yeye, mimi nasema tu. Shule sikwenda.

Tulikuwa ukumbini hapa Thamesmead, huku ughaibuni. Anakumbukwa mama mmoja wa zamani, fundi nguo wa kawaida, aliyewashonea mabango ya kitambaa wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Walizomewa barabarani, yeye akaendelea kushona.

Sasa picha yake wameiweka kwenye kiti kitupu. Fundi nguo, hata kitambaa hana.

Nikavua kanga ya mabegani, nikakitandika kile kiti. Kwetu mwanamke wa heshima anatunzwa kanga.

Mjukuu wa yule fundi, bikizee wa rika langu, akaja akaishika. "Imeandikwa nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kanga ile niliinunua kumpasha jirani yangu.

Neema akaninong'oneza, "Bibi, please, tuseme ni dua."

Nimdanganye mtu mbele ya picha ya bibi yake? Nikamwambia, "Mfasirie kama ilivyo."

SEMENI MCHOKE, MIMI SIACHI.

Neema akamfasiria.

Bikizee akacheka mpaka akashika kiti. "Huyo ndiye bibi yangu hasa," akasema.

Akaichukua kanga, akajifunga. Hakuirudisha, nami sikuidai. Kipande cha pili ninacho kiunoni, basi tumepiga picha tumevaa sare kama wa tumbo moja.

Nyie mngemtunza kanga ya jina gani? Semeni.

Na wewe jirani, picha itazame vizuri. Ujumbe wako uko pale pale.