Ubishi Aliouacha Ngosa

Tangu mkewe Ngosa azikwe, hakuna mtu aliyembishia Mzee Michée.

Si kwamba watu wa Kasungami, hapa Lubumbashi, hawajui kubisha. Kwa Nono kinyozi walibisha kutwa. Nono alikuwa na televisheni juu ya kioo chake, na hakupenda mpira wala muziki. Alipenda ndege za vita. Ukishafungwa kitambaa shingoni, utafanya nini? Unatazama naye.

"Sukhoi inageuka pahali padogo, kama panya mu nyumba," alisema mmoja siku ile.

"Inageuka inaenda wapi? Ile F-35 ya Baamerika rada haiione. Utapigana na kintu hauone?"

"F-35 inalala ku garage kuliko inaruka."

"Wewe nawe! Na baiskeli yako je? Ilitoka ku garage lini?"

Wakacheka. Mzee Michée alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini, kipande cha kitambaa cheusi kimebanwa na pini kifuani. Akangoja kicheko kiishe.

"Rafale ya Bafaransa njo inashinda," akasema.

"Njo vile, Papa," akasema mwenye Sukhoi.

"Papa iko na haki," akasema mwenye F-35.

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Akajaribu tena, na safari hii alisema upuuzi kwa kusudi. "Hata Mirage ile ya zamani, ya wakati wa Zaïre. Ikikutana leo na Sukhoi 35, Sukhoi inakimbia."

Nono alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu. Hilo hata mtoto angelikataa. Mirage ile ni babu. Sukhoi 35 ingeiona asubuhi na kuimaliza kabla ya chai. Nono akafungua mdomo. Kisha akaona kile kitambaa cheusi kifuani pa mzee, akaufunga.

"Inawezekana, Papa," akasema polepole.

Mfiwa hapingwi. Ndiyo adabu, na Kasungami wana adabu. Mzee akavaa kofia yake akaenda nyumbani na ushindi mkavu, kama ugali wa bukari usio na mboga.

Mzee Michée hakuona mlango wa shule. Ujana wake wote alikata majani pembeni mwa njia ya ndege, kwenye uwanja wa Luano. Ngosa aliuza mikate nje ya uzio, ile midogo ya kukaangwa, beseni kichwani. Siku moja ya sikukuu Mirage mbili zilitoka upande wa Kamina zikapita chini sana. Wakata majani wote walijitupa chini. Michée alipoinua uso wenye vumbi, alimwona yule msichana wa Kasenga bado amesimama, wima kama nguzo.

"Haukuogopa?" akamwuliza baadaye.

"Niliogopa sana. Lakini mikate ingemwangika."

Akamwoa. Nyumba ikawa ya Mirage, kwa kuwa Michée aliyapenda mabawa yale ya pembe tatu, na Ngosa hakuwa bado na upande wake.

Upande ulikuja miaka mingi baadaye. Serikali ilinunua Sukhoi, na moja ikatua Luano. Ngosa, sasa mama mtu mzima, aliitazama ikishuka, nene, nzito. Jioni akasema, "Nimepata yangu."

"Ile haipigane na ndeke zingine," Michée akamwambia. "Inapiga chini tu. Ku bataka, ku udongo."

"Ile ni dada mukubwa. Ngoja badogo wake bakuye."

Na wadogo wakaja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mwepesi kuliko aliyemtangulia. Tangu siku ile nyumba iligawanyika, kama zile nyumba za Lubumbashi ambamo, kwa mpira, baba ni Mazembe na mama ni Lupopo na watoto wanajifanya viziwi. Mirage ilipozeeka Michée akahamia Rafale, mtoto wa nyumba ile ile ya Wafaransa. Ngosa akapanda na Sukhoi hadi ile ya 35. Habari walizipata redioni, na kwa Nono, na kwa kila mpitaji aliyekuwa na simu yenye picha. Jioni Ngosa aliwasha jiko la mbabula kwenye barza, akapepea makaa, na vita vikaanza. Michée alikuwa mtu wa maneno machache. Ngosa alitumia ya kwake, akatumia na yale mumewe aliyobakiza.

Binti yao, Abigaïl, aliwauliza siku moja kama hawachoki. Ngosa akamjibu, "Wengine banabisha juu ya bibi wa inje. Wewe shukuru."

Kisha kifua kikamshika. Siku ya mwisho alikuwa amelala kwenye mkeka hapo hapo barzani, kwa sababu ndani alikosa hewa. Michée alipepea makaa mwenyewe, vibaya. Akamletea swali ambalo alikuwa amelipika tangu asubuhi.

"Rafale iko na kombora ya mukono murefu. Inakuona mbali, inakupiga mbali. Sasa kugeuka kwako kote kutakusaidia nini, na hata haijakukaribia?"

Ngosa alifungua mdomo. Kikohozi kikampita, kikamwacha. Akatabasamu, amefumba macho.

"Ile iko nguvu, Papa Abigaïl. Kesho nitakujibu."

Kesho ilikuja peke yake.

Basi mzee alilotaka lilikuwa hilo tu. Hakutaka vitu vyake, wala picha. Alitaka jibu. Na kwa Nono hakulipata, maana huko kila mtu alimpa haki.

Kiangazi kilipofika ukoo wa Ngosa ulitoka Kasenga, kando ya mto Luapula, kuja kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga. Kwa watu wa Luapula jina halizikwi. Ukoo huchagua mtu wa kulichukua. Mtu huyo hunywa maji ya jina la marehemu katika kikombe, na tangu hapo yeye ndiye marehemu: watoto humwita mama, na aliyekuwa na neno na yule aliyekwenda hulileta kwa huyu. Mchaguzi alikuwa Mjomba Élie, na chaguo lake lilikuwa Mado, mdogo wake Ngosa, mama mnene mwenye kuuza samaki, sauti yake ya kuvuka mto.

"Papa, leo utanyamaza tu," Abigaïl alimnong'oneza baba yake. "Mwanaume mwenye kufiwa hana mudomo siku ya kilio."

"Mimi niliongea siku gani?"

Mado aliketi kwenye mkeka, akanywa maji yote bila kupumua. Mjomba Élie akamfunga ushanga mweupe mkononi. Akamfunga mwingine Michée, akamtoa kile kitambaa cheusi kifuani.

"Kuanzia leo huyu njo Ngosa," akasema. "Mwenye neno na Ngosa, aseme. Neno ikibakia inaoza."

Jirani, Mama Deborah, akainuka. Ngosa alikuwa amemwahidi kumfundisha kupika munkoyo wake, ile pombe ya mahindi.

"Nitakufundisha wangu," Mado akasema. "Iko mukali kuliko. Bwana yako akikunywa ataimba."

Watu wakacheka. Mjomba Élie akaangalia kama kuna mwingine. Mzee Michée alitazama ushanga mkononi mwake. Aliuzungusha mara hii, akauzungusha mara ile. Moyo ulimdunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

"Niko na neno," akasema.

Abigaïl akajifunika uso kwa kitenge.

"Bwana wa marehemu?" Mjomba Élie alishangaa. "Neno gani?"

"Alisema atanijibu kesho. Hakujibu."

"Akujibu nini?"

"Juu ya ndeke. Rafale na Sukhoi."

Kicheko kilianzia kwa vijana nyuma, kikaja mbele, kikawafikia hata wale waliokuwa wakilia dakika ile. Mjomba Élie hakucheka. Alijua sheria, na sheria haikusema chochote juu ya ndege za vita. Akamgeukia Mado.

Mado alikuwa akimtazama shemeji yake. Yeye pia hakucheka.

"Maji nimekunywa," akasema. "Yote. Nitajibu. Lakini mulamu, unifundishe kwanza. Mi sijui hata ndeke iko na miguu ngapi."

Ukoo ukaondoka. Mado akabaki kidogo, kumaliza mambo ya dada yake. Jioni hiyo aliketi barzani kwenye kiti cha Ngosa, beseni la samaki mapajani, kisu mkononi, magamba yakiruka.

"Haya. Rafale iko ya nani?"

"Yangu."

"Na mimi?"

"Sukhoi."

"Ya nani hiyo?"

"Ya Barusi."

"Yesu! Dada yangu alikutana na Barusi wapi?"

"Ku Luano."

Mzee akaanza kumfundisha, polepole, maneno mawili, kimya, maneno matatu. Kisha yakaanza kuja yenyewe. Alimweleza kwamba nyuma ya injini za Sukhoi kuna midomo inayogeuka. "Moto ikiangalia chini, pua inapanda juu. Inaweza kusimama mu hewa kidogo, kama ile kanyuni ya Luapula yenye kuangalia samaki. Ule mwenye kuifuata anapita. Akipita, amekufa." Alimwambia juu ya tumbo lake kubwa la mafuta, kwamba inaweza kukaa juu ikingoja mpaka mwingine aishiwe. "Mwenye haraka njo anarudi nyumbani wa kwanza. Mwenye tumbo anabaki na barabara."

Akasita. Hayo hayakuwa maneno yake. Ile kanyuni, ndege mdogo wa mtoni, ilikuwa ya Ngosa, na tumbo lilikuwa la Ngosa, na hata mkono wake ulikuwa umeinuka hewani ukipepea, kama wenye upepeo. Alikuwa hajamsikia kwa karibu namna hiyo tangu azikwe. Na alimsikia akitokea kinywani mwake mwenyewe.

Mado aliacha samaki. "Mulamu. Ulijua yote hii, na ulikuwa unamubishia?"

"Kama singebisha angenyamaza."

Mado akarudia kukwangua magamba, lakini polepole. Baadaye akasema, "Lete sasa ile swali."

Mzee akalileta lote, lilivyokuwa, neno kwa neno. Mkono mrefu. Inakuona mbali, inakupiga mbali. Kugeuka kutakusaidia nini?

Mado alitazama mbali, kule barabarani ambako vumbi lilikuwa jekundu na watoto walikuwa wakirudi na madumu ya maji. Akakuna shingo kwa mpini wa kisu.

"Ah, mulamu. Ile iko nguvu. Kesho nitakujibu."

Mzee Michée akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hapana!"

Mado akashtuka. Hakuwahi kumsikia mtu huyu akipaza sauti.

"Jibu leo," mzee akasema. "Hata kama iko mubaya. Leo."

Mado hakuuliza kwa nini. Aliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake. Alikaa hivyo, mikono magotini, midomo ikitembea bila sauti.

"Sikiliza," akasema. "Wakati wa kufunga mto, wakati samaki zinazaa, serikali inakataza kuvua. Papa wetu alivua. Mimi njo nilikuwa mbele ya mtumbwi, na taa. Ngosa alikataa, alikuwa mutu wa kanisa. Sasa bale balinzi ba serikali, bo pia bako na taa yao, kubwa, yenye kufika mbali. Papa alinifundisha: ukiona taa yao, zima yako. Ule mwenye kuwasha taa anaona mbali, njo vile. Lakini yeye mwenyewe anaonekana mbali zaidi. Wewe kaa mu giza, angalia taa yake inaenda wapi, umuzunguke." Akamnyooshea mzee kidole. "Ile rada ya Rafale yako, si njo taa? Basi. Sukhoi inazima yake, inanyamaza. Inafuata taa ya mwenzake mpaka inafika karibu. Na ikifika karibu, wewe mwenyewe umeniambia nani anageuka."

Mzee alibaki amesimama. Alitafuta kosa, hakuliona upesi.

Halikuwa jibu la Ngosa. Hilo alilijua. Ngosa hakukaa kwenye mtumbwi ule wala hakushika taa ile. Angesema lingine, na hilo lingine Michée hatalisikia kamwe. Lilikwenda naye. Lakini hapa mbele yake palikuwa na mtu aliyemkatalia, kwenye kiti kile, ushanga mkononi, kidevu kimeinuliwa, anangoja.

Akainua kiti chake. Akaketi.

"Kesho nitakujibu," akasema.

"Kesho niko mu lori, mulamu. Samaki za Kasenga hazinigoje."

Asubuhi lori lilikuwa limejaa hadi juu, magunia, kuku, akina mama. Mado alikuwa juu kabisa, juu ya vikapu vitupu. Injini ilikuwa tayari inanguruma alipomwona mzee akija mbio, kofia mkononi, mwenye umri ule.

"Joto!" alipiga kelele.

"Nini?"

"Taa utazima! Joto hauzime! Rafale iko na jicho ya kuona joto! Injini yako inawaka, inakuona mu giza!"

Abiria wote wakamgeukia. Mama mmoja akauliza kama huyu mzee ni mzima. Mado akaweka kiganja sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga paja.

"Muongo!" akapaza ile sauti ya kuvuka mto. "Na yangu haina jicho? Nani alikuambia yangu haina jicho? Ngoja nifike Kasenga! Nitakujibu!"

Lori likaondoka. Mzee alisimama mpaka vumbi likakaa chini, na baada ya hapo bado alisimama. Barabara ya Kasenga ni ndefu. Akavaa kofia yake, akarudi taratibu.

Nono alikuwa akifagia nywele mlangoni. Alimwona mzee hana tena kitambaa cheusi, akajipa moyo.

"Papa Michée! Leo tuseme kweli. Rafale ao Sukhoi?"

Mzee hakusimama.

"Ngoja," akasema. "Jibu iko mu njia."