Nilimsamehe Mutuku kazi ya field, karibu nimkoseshe cheti

Wakuu, habari zenu. Hii sijaipamba, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Miaka ya themanini chuo chetu cha kilimo kilitutuma attachment ya miezi mitatu huko Kanyangi, Kitui. Tulikuwa sita, mimi group leader. Kazi: kupima mteremko kwa kamba na pima maji, tuchore mistari ya matuta ili wakulima wachimbe.

Mwenzetu Mutuku alitembea kwa magongo mawili, polio ya utotoni. Siku ya kwanza nikaamua abaki ofisini apange mafaili.

Nilijiona mtu wa huruma sana. Yeye alisema tu, "Sawa, leader."

Kila Ijumaa nilijaza rejista. Kwa jina lake: amesamehewa.

Wiki ya mwisho mwalimu akaja kutukagua. Akafungua rejista, akasema, "Huyu hana hata siku moja ya field. Cheti hakuna."

Mwandiko ule ulikuwa wangu!

Mutuku akachukua magongo yake. "Mwalimu, njoo uone hapa nyuma."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na shamba la mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu. Nikaona ngazi pana zimechimbwa kwenye mteremko, kutoka juu hadi chini. Mutuku akashuka bila kushikwa na mtu.

Chairlady wa kikundi akatueleza. "Sisi tuliona huyu kijana anakaa tu. Kwa mwethya hakuna mtu wa kukaa. Wewe kama huwezi chimba, unashika kamba. Hii njia tulimchimbia asubuhi moja, na hii mistari yote ni yeye amepima."

Asubuhi moja! Mimi miezi mitatu nilipita mbele ya ofisi na kamba begani na wazo hilo halikunijia.

Mwalimu akapima tuta baada ya tuta. Yote sawa. Akamgeukia Mutuku, "Sasa kwa nini hukusema?"

"Mwalimu, nani aliniuliza?"

Alipata cheti chake. Mimi ile aibu ninayo hadi leo.

Nilichojifunza: usimwondolee mtu kazi kabla hujamuuliza anahitaji nini ili aifanye.

Uwanja ni wenu, hata matusi nitapokea. Lakini wenye magongo na viti vya magurudumu, mliowahi kufanyiwa huruma kama yangu, anzeni nyinyi. Safari hii nauliza.