Taa kumi na sita, bomba kavu

Jamani, leo seva yetu imewaka taa zote za kijani, wageni wa mradi wakapiga makofi.

Maji hayapo.

Seva yenyewe tumeifunga kwenye kabati la chuma ofisini, hapa Muyinga mjini. Ina matundu kumi na sita, na kila tundu ni laini ya pampu moja ya maji huko vilimani. Pampu ikijibu, taa yake inawaka.

Tangu tuifunge hakuna pampu iliyojibu. Hazina umeme! Nimesema mpaka nimechoka.

Asubuhi shefu, bosi wetu, akaja mbio.

"We, taa zote ziwake. Wageni iko njiani."

"Shefu, pampu zimekufa."

"Mi sikuulizi pampu. Nakuuliza taa."

Basi nikachukua nyaya fupi, nikaunganisha tundu na tundu. Seva ikawa inajiita na kujiitikia yenyewe. Kijani tupu!

Mgeni mkubwa akanishika mkono kunipongeza, "Félicitations!" Tukapigwa picha. Na mimi nikatabasamu, si ndiyo kazi?

Mchana mama akapiga simu kutoka Gasorwe. Kule kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, bomba lilikuwa karibu na mlango. Tangu turudi kwetu, anachota bondeni.

"Mwanangu, redio imesema pampu zimewaka! Nimeshaweka bidoni yangu ya maji bombani, leo mimi ni wa kwanza. Watu wanapanga mstari nyuma yangu."

Ninyi mngemwambia nini?

Mimi nimemwambia asitoke kwenye foleni.