Viatu Vipya Chini ya Jeneza

Ndugu zangu, leo nimetolewa chini ya jeneza.

Viatu vyangu vya baiskeli, vile vinavyojinasa kwenye pedali, vilichakaa. Dukani Wete nilipewa hiari: vyenye soli ya mpira, vya vilima na njia za udongo, au vyeupe vya lami, vyenye chuma kilichotokeza chini.

Nikachagua uzuri.

Njiani Mgogoni nikakuta mazishi. Nikashuka, nikatia bega kama ilivyo ada yetu.

Kile chuma kikateleza kwenye udongo. Jeneza likayumba.

"Kavaa kwato huyu!" akafoka mbebaji mwenzangu.

Baba wa marehemu akanishika mkono. "Waachie wenye miguu, mwanangu."

Nikafuata nyuma, pekupeku, viatu mkononi.

Nishaurini: nikamwombe radhi usiku huu, au nimwache alie kwanza?