Mtoto wa Njia ya Ikonge

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, katika miaka ya sitini, niliamini kwamba kalamu ya baba yangu inaweza kuua. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilikuwa nimeuona tu ukurasa wa kwanza wa Biblia ya nyumbani, penye majina ya Samweli na Danieli, ndugu zangu wawili ambao hawakumaliza hata mwezi. Kila jina lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Baba aliupiga kwa rula.

Alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa, naye alipenda mambo yawe tayari mapema. Mara zote mbili aliandika jina mama akiwa bado mjamzito. Magokoro, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, alikuwa amemwonya kwamba mtoto haitwi kabla hajalia, kwa sababu hujui ni nani mwingine anayesikiliza.

Mama aliposhika mimba tena, wanawake wa jirani walilitazama tumbo wakasema ni mvulana. Jioni moja baba alikuwa amefungua Biblia mezani, kofia ya kalamu mkononi. Magokoro akaingia bila kubisha.

"Unamwandika nani?"

"Yoeli, mama."

"Samweli yuko wapi? Danieli yuko wapi? Mungu si karani wako, Mwalimu."

Kisha akalitaja jina alilokuja nalo: Makori. Lilikuwa jina la kizamani, ambalo kanisani hakuwa nalo mtoto hata mmoja. Mtoto ambaye ndugu zake wamekufa, alieleza, hulazwa njiani alfajiri. Mpita njia asiye wa ukoo humwokota, wazazi wakaja kumkomboa kwa kuku, na jina hilo la mtoto wa njiani likawa lake. Kifo kikija kuuliza, kitaambiwa kwamba nyumba hii haijazaa.

"Hayo ni mambo ya giza," baba alisema.

"Giza ndilo lililokuzaa. Ulitoka na chaki mkononi?"

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga baba, aliendelea kumenya ndizi. "Mara mbili nimekusikiliza wewe," alisema bila kuinua uso. "Mara hii namsikiliza mama yako."

Baba aliifunga kalamu. Alisema wafanye wanavyotaka, lakini yeye hatatia mguu njiani.

Mvulana alizaliwa wakati wa mvua nyingi. Asubuhi ya nne Magokoro alimlaza kwenye ungo, juu ya majani ya mgomba, kando ya njia ya kwenda sokoni Ikonge. Alikuwa amepatana na bibi mmoja wa ng'ambo ya mto apite hapo mapema. Tulijificha nyuma ya michai, mimi nikiwa nimeshikilia kuku. Amri ilikuwa moja: mkono wa nyumba yetu usimguse kabla ya mkono wa mgeni.

Bibi hakuja. Baadaye tulijua kwamba mto ulikuwa umefurika usiku. Ukungu ulikuwa mzito, na mtoto akaanza kulia. Mama aliinuka, Magokoro akamvuta kwa kanga. Mlango wa nyumba ukafunguka, nikamwona baba anakuja mbio bila viatu. Magokoro akamwekea fimbo kifuani.

"Atakufa kwa baridi, mama!"

"Wawili walikufa kwenye blanketi."

Wakati huohuo akatokea mwanamke mrefu, vyungu vitatu kichwani. Alikuwa mfanyabiashara wa Kijaluo kutoka upande wa ziwa, akienda sokoni.

"Yawa! Mtoto wa nani huyu?"

Tulizidi kuinama nyuma ya michai. Aliuliza tena, akatazama huku na huku, kisha akatua vyungu kimoja kimoja na kumwinua ndugu yangu.

"Hana mwenyewe? Basi ni wangu. Leo nimepata kijana!"

Magokoro alitoka michaini akicheka kwa furaha, akaanza kumweleza kwa Ekegusii, lugha yetu. Mwanamke hakuelewa hata neno. Magokoro hakujua Kiswahili. Cha mama kilitosha kuulizia bei ya chumvi, na changu kilikuwa cha "hiki ni kitabu, ile ni meza." Mgeni akamfunga mtoto mgongoni, akainama kuchukua vyungu vyake.

Hapo sote tukamgeukia baba.

Akaingia njiani, miguu imejaa tope.

"Mama, tafadhali. Naomba huyo mtoto."

"Unaomba? Mtu mzima na suruali yako! Wewe ni nani yake?"

"Mimi... sina mtoto. Nimesikia umeokota mmoja."

Yule mgeni alimtazama sana, kisha akatabasamu. "Hata kwetu tunafanya hivi," alisema taratibu. "Kuku yuko wapi?"

Nilimpelekea kuku. Lakini hakumtoa mtoto.

"Anaitwa nani? Siwezi kumpa mtu mtoto asiye na jina."

Baba alimtazama mama yake, akamtazama mama yangu. Kisha akasema kwa sauti yake ya darasani, iliyosikika hadi kwa majirani:

"Makori!"

Magokoro alipiga vigelegele hadi kuku akaponyoka, tukamkimbiza wote, baba mbele.

Jina hilo hakuliandika mara moja. Alingoja hadi mtoto alipotembea. Shuleni wenzake walimtania kwamba aliokotwa, mpaka siku matokeo ya darasa la saba yaliposomwa na jina la kwanza likawa Makori. "Huyo nilimwomba njiani," baba alimwambia kila aliyempa mkono.

Sidai kwamba jina ndilo lililomponya. Ninachokijua ni kwamba baba yangu, aliyezoea kuandika, asubuhi ile alijifunza kuomba.

Biblia ninayo mimi sasa. Juzi mke wa mwana wa Makori alinijia, mjamzito. Wanatumaini ni mvulana, na anataka kumwita Makori, ingawa mumewe anasema ni la kizamani. Nilimwambia asubiri mtoto alie kwanza. Tena kwetu mtoto hupewa jina la aliyekwisha kufa, kwa hiyo nikampigia simu mwenye jina kumwuliza.

Makori alicheka hadi akakohoa.

"Dada, waambie watafute lingine," alisema. "Hili bado nalitumia."